Kadi Tano za Mtoto Mmoja

Ndugu Mgeni Rasmi, Katibu Tarafa wetu, Ndugu Marseli, Mwenyekiti wa Kijiji, pamoja na kamati yako, viongozi wa Chama na wa Umoja wa Wanawake, Padri, Mchungaji na Shehe, ambao leo mmekaa benchi moja na naona mnaelewana vizuri tu, Dada Scholastika, muuguzi wetu, walimu, wazee wangu mlioshuka kutoka Mbulu, na ninyi mliotoka Singida na Dodoma mkaja kulima kahawa ya watu mkazeekea hapahapa, mama zangu na dada zangu wa Kambi ya Mikaratusi, na ninyi watoto mliokalishwa hapo mbele kwenye majani tangu saa mbili asubuhi, wakati siku yenyewe ni yenu: nawasalimuni nyote. Hamjambo?

Mmh! Hiyo "hatujambo" ni ya watu wenye njaa. Harufu ya pilau hata mimi inanifikia, msidhani pua yangu nayo imestaafu. Nitajitahidi nisiwacheleweshe, ingawa mnanijua nina mdomo, na hii ndiyo mara ya mwisho kupewa nafasi ya kuutumia kwa mshahara wa serikali.

Kwanza nashukuru kwa zawadi. Redio nimeipokea, kitenge nimekipokea, na mbuzi yule nimemwona, ananiangalia kama anayejua kwamba naye anastaafu. Nashukuru pia kwa maneno. Ndugu Mwenyekiti amenisifu muda mrefu, akanisifu kwa mpango wa watoto, akanisifu kwa jengo hili tunalolifungua leo, akanisifu hata kwa uzuri wa mwandiko wangu, mpaka nikajishika mkono kuona kama bado nina joto, maana kwetu sifa za namna hiyo hutolewa pembeni ya kaburi.

Lakini katika sifa hizo zote lipo jambo moja si kweli. Mmesema, na mmepiga makofi, kwamba mimi Domitila ndiye niliyemwokoa mtoto Germana mwaka ule wa sabini na tano. Ndugu zangu, hapo mmekosea, na kosa si lenu. Ni langu mimi, niliyelisikia neno hilo miaka kumi na miwili nisilikanushe hata mara moja. Sifa ni tamu jamani, na mtu akikuwekea asali mdomoni, nani hutema?

Mwezi uliopita nilikuwa uani kwangu nachambua maharage. Germana akaja. Ninyi mnamwona pale kwenye kwaya ya shule, mstari wa pili, yule mrefu. Mwaka huu anamaliza darasa la saba. Usiinamishe kichwa, mjukuu wangu, sikusemi vibaya. Akakaa, akachambua nami kidogo, halafu akasema, "Bibi, nikuulize?" Nikamwambia uliza. Akasema, "Kwa nini mama yangu anaitwa Mama Azima? Wenzangu wanasema aliniazimisha kwa watu ili apate unga. Ni kweli?"

Mimi nimesema mbele ya wakuu wa wilaya bila kutetemeka. Siku ile nilimwambia mtoto, "Nenda kachote maji kwanza, nitakuambia." Akachota, akarudi na ndoo. Nikamwambia, "Siku ya kuniaga nitakujibu." Basi mjukuu wangu, leo ndiyo hiyo siku, na jibu lako nitalitoa mbele za watu, kwa sababu kosa lenyewe nililitenda mbele za watu.

Wazee mnaukumbuka mwaka ule. Mvua za mwaka uliotangulia zilikuwa zimetupa kisogo, mahindi yakanyauka yakiwa mafupi kuliko goti, tukala ule unga wa njano uliotoka ng'ambo, tukauita ugali wa Yanga, na hata watu wa Simba wakaula bila kunung'unika. Watoto wa vibarua wa kahawa ndio walioumia zaidi, kwa sababu mkulima hata akikosa ana boga moja nyuma ya nyumba, lakini kibarua ana mikono yake tu. Serikali ikatuletea unga, maziwa ya unga na mafuta ya kopo, tukaambiwa sisi Mabibi Maendeleo tupange namna ya kugawa.

Tukapanga! Tulikaa ofisini Mbulu siku tatu, tukanywa chai, tukaandika mpango wa kurasa kumi na moja, na katika kurasa hizo zote hakuna mstari hata mmoja ulioandikwa baada ya kumwuliza mama mwenye mtoto. Mpango ulisema hivi. Watoto wa kambi watapimwa uzito kila Jumanne kwa zamu, kila familia Jumanne yake moja mpaka zamu irudi. Kila mtoto atakuwa na kadi, na kwenye kadi kuna mstari. Aliye chini ya mstari, mama yake anapewa vibaba vinne vya unga na mafuta. Aliye juu ya mstari hapewi kitu. Na wa kupimwa ni wale tu waliomo kwenye orodha ya familia, ambayo tuliinakili kwa karani wa shamba.

Je, kuna mama hapa ambaye haoni tayari tulipokosea? Akina mama wa Mikaratusi waliona siku ya kwanza. Walielewa kwamba mtoto akinenepa, unga unakatwa. Na mtoto wa juu ya mstari kidogo tu naye alilala na njaa, ila njaa yake ilikuwa haijafika pale ilipotakiwa na ofisi.

Jumanne ya kwanza, katika foleni, alisimama mwanamke mwembamba kutoka Singida, amebeba mtoto wa miaka miwili mgongoni. Huyu ni Elizabeti. Mume wake alikuwa ameondoka kwenda kutafuta kazi mashamba ya mbele, asirudi. Yeye akabaki kibarua wa kutwa, analala katika jiko la jirani, na karani huandika familia za wafanyakazi wa kudumu, haandiki watu wanaolala jikoni. Nikapitisha kidole kwenye orodha, juu mpaka chini. Nikamwambia, "Jina lako halimo."

Akasema, "Sawa, mimi simo. Lakini mtoto yumo, huyu hapa."

Nikamwambia, "Mama, pisha wengine."

Akapisha. Nawaambia haya kwa mdomo wangu mwenyewe ili asije mtu akasema nimesingiziwa. Nilimwona mtoto, nilimwona jinsi shingo ilivyokuwa, nikatazama karatasi.

Sasa akina mama wakapanga mpango wao, na wao hawakuwa na chai. Kabla ya Jumanne iliyofuata, jirani wa kwanza alimwendea Elizabeti akamwambia, "Niazime mtoto." Yeye Elizabeti alikuwa na ngwe yake ya kupalilia, asingeweza kuiacha tena kuja kwenye mizani hata angekuwa na jina. Jirani akamchukua Germana, akaja naye kwangu na kadi ya mtoto wake mwenyewe. Mtoto chini ya mstari, nikampa vibaba vinne, nikamsifu kwa kuhudhuria. Kibaba kimoja kikaenda kwa Elizabeti. Na siku nzima ile Germana alikula uji kwa yule jirani, asubuhi na mchana, akarudishwa jioni tumbo limejaa. Jumanne ya pili ya kuazima akaja mwingine. Ya tatu mwingine. Mama watano, Jumanne tano, kadi tano, mtoto mmoja. Sitawataja hao mama. Wanne wako hapa na wananitazama kwa jicho lile.

Jumanne hiyo ya tano Scholastika alipokuwa anamtundika mtoto kwenye mizani, akaona kovu la moto kwenye kisigino cha kushoto. Kovu lile alikuwa amelipaka dawa kwa jina jingine wiki tatu nyuma. Yule mama alipoulizwa akamtaja Elizabeti, na Scholastika akanisogelea akaninong'oneza. Mimi sikunong'ona.

Kesho yake alfajiri niliwakuta vibarua uwanjani wakati wa kugawiwa kazi. Nikamwita Elizabeti mbele ya umati wote. Nikasema, "Wewe mwanamke, mtoto ni ungo? Mtoto ni kinu, wa kuazimisha majirani? Unaiibia serikali kwa mwili wa mwanao! Basi kuanzia leo jina lako ni Mama Azima!" Watu wakacheka. Nyapara alicheka mpaka akashika mti. Elizabeti hakujibu neno. Alifunga mtoto vizuri mgongoni, akachukua jembe lake, akaenda kupalilia. Nikawafutia unga wale watano, na kibaba chake yeye wa sita kikakatika, nikarudi nyumbani nikala nikashiba.

Kwa hiyo, Germana, na ninyi wenzake mlio kwenye kwaya, sikilizeni. Jina lile hakulitoa jirani, wala halikutoka Singida. Nililitoa mimi. Watu wamelibeba miaka kumi na miwili, wengine kwa utani, wengine hata kwa mapenzi, na mama wa watu ameitikia kila siku kwa upole kama vile ndilo alilobatiziwa.

Jumamosi ile mvua ilinyesha tangu asubuhi. Scholastika akaja kwangu ameloa, ameshika mfuko wa nailoni. Nilidhani amekuja kunipongeza. Akafuta meza kwa kanga yake, akapanga kadi tano moja baada ya nyingine kwa tarehe. Akaniambia, "Dada Domitila, usisome majina. Soma kilo."

Nikasoma. Kilo nane na nusu. Nane na robo. Nane. Saba na nusu. Saba kasorobo.

Ndugu Mgeni Rasmi, kila kadi ilikuwa na nukta moja tu, na nukta moja haisemi kitu. Tulikuwa na mtoto aliyepimwa mara nyingi kuliko watoto wote wa kambi, na ni yeye peke yake ambaye hakuna aliyejua kwamba anakwisha. Mtoto mwenye kadi tano hakuwa na kadi. Nilizitazama zile namba, nikamwambia Scholastika twende.

Tulimkuta Elizabeti jikoni kwa jirani, mtoto kwenye mapaja, anaharisha siku ya tatu, mikono ya baridi. Gari la shamba lilikuwa limekwenda Arusha. Tukapanda tela la trekta mpaka barabara kuu, na matope yale ya Aprili mnayajua, halafu lori la maharage likatupeleka hospitali. Mimi nilishika mwavuli. Ndiyo kazi pekee niliyokuwa na maana nayo.

Nikamwuliza njiani, "Mama, kwa nini hukuniambia kwamba mtoto anaumwa?"

Akasema, "Nilikuja, Bibi Maendeleo. Ukaniambia jina langu halimo."

Baadaye nikamwuliza tena, "Na pale uwanjani, nilipokusema, mbona hukujibu?"

Akasema, "Nijibu nini? Unga ulikuwa mkononi mwako." Halafu akasema, na hili ndilo limekaa nami mpaka leo, akasema, "Wale mama usiwakatie. Kila aliyemchukua alinirudishia ameshiba."

Mtoto wake yuko kwenye mapaja hata kulia hawezi, na yeye anawaombea wenzake. Niliwahi kuhudhuria semina nyingi, Ndugu Mgeni Rasmi, na sikuwahi kufundishwa kitu kama kile.

Siku tatu hatukujua kama atapona. Siku ya nne asubuhi Germana alifumbua macho akasema, "Uji." Neno moja tu. Scholastika akatoka nje ili asilie mbele ya mgonjwa. Mimi nililia hapohapo, mbele ya mgonjwa na mbele ya daktari. Daktari akauliza mtoto huyu alikuwa anakula nini. Elizabeti akamweleza habari za uji wa Jumanne. Daktari akasema, "Bila huo uji, msingemfikisha hapa."

Sasa niambieni ninyi, nani alimwokoa Germana? Mimi wa orodha? Mimi wa mwavuli? Walimwokoa mama watano kwa bakuli zao, akamwokoa mama yake aliyekubali kumtoa mwanawe mikononi ili apate kula. Kuazimisha kule ndiko kulikomfanya afike leo kwenye mstari wa pili wa kwaya.

Alipotoka hospitali nilimfuata kule jikoni, nikakaa kwenye kigoda, nikamwuliza jambo ambalo katika kazi yangu yote sikuwa nimemwuliza mtu: "Wewe ungepangaje?" Hakufikiri sana. Akasema, "Pikeni kwanza, pimeni baadaye. Na anayekuja, ale."

Huo ndio mpango wote mnaousifu. Ndio ulioandikwa kwenye taarifa, ndio waliokuja kuutazama wageni kutoka Dodoma na Dar es Salaam wakinipiga picha. Sufuria moja kubwa pembeni ya kibanda cha kukaushia kahawa, saa sita mchana, kila mama na ukuni mmoja na konzi ya alichonacho, maharage au karanga, na asiye na kitu na mwanawe ale vilevile. Wakishiba ndipo tunapima, na kila anayekula ana kadi, hakuna orodha ya karani. Na mpishi alikuwa nani? Elizabeti, miaka kumi na miwili. Anapalilia mpaka saa tano, anakuja kuwasha moto.

Nami nikajifunza kubadilisha swali. Zamani nilikuwa nauliza, "Wapo wangapi?" Siku moja nilikwenda Ngorongoro, kwenye boma la bibi mmoja anaitwa Nareyu, na daftari langu kwapani. Nikamwuliza ana watoto wangapi bomani. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Sisi hatuhesabu watoto," akasema. "Kaa." Nikakaa kwenye ile baridi mpaka ng'ombe wakarudi. Akasema, "Watazame wanaokimbilia maziwa. Yule asiyekimbia, huyo ndiye wako." Na kweli alikuwepo mmoja, amekaa kwenye mlango wa nyumba, hakusimama. Laiti ningempata bibi huyu kabla ya zile kurasa kumi na moja! Ninyi vijana mnaoshika kazi hii baada yangu, nawaomba hilo tu. Mkimaliza kuwatazama waliokuja, ulizeni nani hakuja, halafu mfuateni kwa miguu yenu.

Namalizia, Ndugu Mwenyekiti, usiangalie saa. Kuna kibao juu ya mlango wa jengo hili, kimefunikwa kwa kanga, na Mgeni Rasmi ameandaliwa kukifunua. Kamati ilikubaliana, bila kuniambia, kwamba kiandikwe "Kituo cha Watoto Domitila". Mliniwekea siri, lakini siri ya kijiji hiki haipiti kisimani. Jumatano niliamka mapema nikamkuta fundi Ignas na kopo la rangi. Ignas, usijifiche nyuma ya nguzo, tumbo lako linaonekana. Nilimsihi, alikataa, nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe amekula kwenye ile sufuria utotoni, akachukua brashi.

Kwa hiyo kibao kimebadilishwa bila kikao. Ndugu Mwenyekiti, adhabu yangu nitaipokea. Bahati nzuri mstaafu hafukuzwi kazi. Nawe Mgeni Rasmi, nakuomba kwa heshima zote, umwachie mtu mwingine kazi ya kuivuta ile kanga. Jana usiku sikulala nikiogopa kwamba utakataa. Naona unatikisa kichwa kukubali. Mungu akubariki.

Hizi hapa ndizo kadi zenyewe, tano, nimezitunza kwenye Biblia yangu. Nimezifunga kwa uzi, na juu yake nimeandika jina moja, Germana, na tarehe zake zote tano. Njoo uzichukue, mjukuu wangu, hiyo ndiyo kadi yako. Wenzako wakikuuliza tena, waonyeshe, uwaambie mama yako alikuazimisha, ndiyo, na uwaambie kwa nini.

Na wewe Elizabeti. Nakuona huko nyuma jikoni na mwiko mkononi, hata leo, siku ya sherehe, umekwenda kupika. Nilikukosea mbele za watu, na mbele za watu nakuomba radhi. Nisamehe, dada yangu. Acha huo mwiko, njoo mbele. Siku ile nilipitisha kidole changu kwenye karatasi, juu mpaka chini, nikakuambia ulivyosikia. Leo kibao kina mstari mmoja tu, kwa rangi ya buluu, herufi kubwa: Kituo cha Watoto Elizabeti Ntandu. Vuta kanga, mama, ujionee mwenyewe. Jina lako limo.

Kwa masikio yenu na kwa uvumilivu wenu, ndugu zangu, asanteni sana. Mpisheni mama apite.